Tarehe yako ya kazi: mwongozo kwa dereva mpya wa vifurushi UPS

Ile namba ya dola 170,000 imetufikia sote. Mwaka 2023, kampuni ya UPS ilipokubaliana na chama cha wafanyakazi cha Teamsters, mkuu wa kampuni, Carol Tomé, alisema kwamba mkataba ukifika mwisho dereva wa muda kamili atakuwa anapata wastani wa kiasi hicho kwa mwaka, mshahara na marupurupu pamoja. Tangu hapo simu yangu haipoi. Huyu ana binamu Iowa, yule kapata leseni juzi, na wote swali lao ni moja: kaka, ni kweli?

Ni kweli, ila bado si yako. Namba ile ni ya dereva aliyekwisha kufika juu, tena mwishoni mwa mkataba, na ndani yake mna bima ya afya na michango ya pensheni, vitu ambavyo huvioni kwenye hundi ya wiki. Wewe unaanzia dola 23 kwa saa. Kutoka hapo hadi juu ni miaka minne, na katika miaka hiyo jambo la kulinda kuliko yote ni tarehe moja iliyoandikwa kwenye karatasi ukutani. Nitaieleza.

Mimi ni dereva hapa Louisville, Kentucky. Gari la kahawia nimeliendesha muda wa kutosha kushika ruti yangu mwenyewe, na kwenye jengo letu ni mwakilishi wa chama. Wengi wanaonijia ni ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, ambao waliwahi kupakua mizigo usiku pale uwanja wa ndege na sasa wanataka kuendesha. Ninayowaambia wao ndiyo haya.

Ngazi ya mshahara

Mkataba wa sasa ulianza Agosti 1, 2023 na utaisha Julai 31, 2028. Mshahara wa wafanyakazi wa muda kamili uko kwenye Kifungu cha 41. Dereva mpya anaanza na dola 23. Akitimiza mwaka anapata 24. Miaka miwili, 25. Miaka mitatu, 30.75. Akitimiza minne anaingia kiwango cha juu cha eneo lake, ambacho kitaifa kitakuwa wastani wa dola 49 mkataba ukikaribia kuisha.

Zitazame tena hizo namba polepole. Miaka miwili ya mwanzo inakuongezea dola mbili tu. Mwaka wa tatu unaruka dola 5.75 kwa mkupuo mmoja, na mruko wa mwaka wa nne ni mkubwa kuliko yote iliyotangulia ikijumlishwa. Kwa hiyo anayeacha kazi mwezi wa ishirini na tano, akisema nyongeza zao ni za kichekesho, kaondoka baada ya kuvumilia sehemu ngumu na kabla ya kuonja tamu. Nimewaona wa namna hiyo, na wengi waliondoka kwa sababu hakuna aliyewaonyesha ukurasa wenyewe.

Chukua mtu aliyepata kazi ya udereva Oktoba 2023. Oktoba 2024 alifika 24, Oktoba 2025 akafika 25, Oktoba 2026 ni 30.75, na Oktoba 2027 anaingia kiwango cha juu. Hapo ndipo penye jambo linalowachanganya wengi. Mkataba una nyongeza za jumla pia: dola 2.75 mwaka 2023, senti 75 mwaka 2024, senti 75 tena 2025, dola 1 mwaka 2026, na dola 2.25 mwaka 2027. Jumla ni dola 7.50. Agosti ikifika utawasikia wazee wakichangamka, wewe ukifungua slipu yako hukuti badiliko. Hujaibiwa. Aliyeajiriwa baada ya mkataba kuanza hupandishwa na ngazi. Zile nyongeza za Agosti zinajikusanya kwenye kiwango cha juu, na siku utakayokanyaga huko utazikuta zote zimo. Yule wa Oktoba 2023 ataingia juu miezi miwili hivi baada ya nyongeza kubwa ya 2027.

Sasa hesabu ya wiki. Saa 40 kwa dola 23 ni dola 920. Ukifanya saa 50, zile kumi za ziada zinalipwa mara moja na nusu, yaani dola 34.50 kila moja, unapata dola 345 nyingine, jumla 1,265 kabla ya makato. Social Security na Medicare, yaani michango ya lazima ya pensheni na matibabu ya serikali, zinachukua asilimia 7.65, karibu dola 97, halafu kodi ya mapato inachota fungu lake. Ada ya chama ni mara mbili na nusu ya malipo yako ya saa moja, kila mwezi, kwa hiyo mwanzoni ni dola 57.50. Kentucky imekuwa na sheria tangu 2017 inayomruhusu mfanyakazi kukataa kulipa ada hiyo, na chama bado kinalazimika kumtetea. Mimi nalipa, na nakushauri ulipe. Asiyekuwa mwanachama hapigi kura ya mkataba.

Kodi ya nyumba ipange kwa dola 920. Usiipange kwa 1,265. Novemba na Desemba utafanya saa nyingi hadi usahau sura za watoto, utadhani ndivyo mambo yatakavyokuwa mwaka mzima. Januari inakuja.

Na hiyo ovataimu usidhani ni zawadi ya serikali. Sheria ya shirikisho ya ovataimu ina mlango wa kutokea kwa madereva wa magari yenye uzito wa zaidi ya pauni 10,000 katika usafirishaji unaohusisha majimbo mbalimbali, na magari yetu mengi yanaangukia humo. Kinachokulipa mara moja na nusu ni mkataba, na katika maeneo mengi unahesabu ukishapita saa nane za kazi kwa siku, bila kusubiri wiki ifike saa 40.

Siku za majaribio

Kabla hujawa na tarehe yoyote lazima upite majaribio. Sehemu nyingi ni siku 30 za kazi, zinazotakiwa kukamilika ndani ya dirisha la muda linalotajwa kwenye kiambatisho cha eneo lako. Mkataba wa kitaifa ni kitabu kimoja, viambatisho vya maeneo ni vitabu vingine, na mambo mengi ya dereva mpya yako kwenye hivyo vya pili. Omba vyote viwili kwenye ofisi ya chama, ni bure. Baadhi ya maeneo hayahesabu siku za msimu wa sikukuu, kwa hiyo uliza mapema siku zako zinaanza kuhesabiwa lini na uziandike mwenyewe kwenye daftari: tarehe, gari, ruti, saa ya kuanza, saa ya kumaliza.

Katika kipindi hiki kampuni inaweza kukuachisha na mimi mwakilishi nisiweze kufungua malalamiko kuhusu hilo. Nitasimama kando nikitazama. Basi kuwa mtu wa kuchosha kwa usahihi. Kariri zile kanuni tano za kutazama barabara na maelezo yake kumi neno kwa neno, kwa Kiingereza, hata kama Kiingereza chako bado kinachechemea. Mtihani wake ni wa kukariri, na sisi tuliopita madrasa kukariri tunakuweza. Kadi ya afya ya udereva isikwishe muda. Usirudi nyuma na gari pale unapoweza kuzunguka. Ajali ndogo ya kugusa kisanduku cha barua imewarudisha watu nyumbani katika majaribio, wakati dereva mwenye ukongwe, yaani nafasi inayotokana na muda wake kazini, kosa hilohilo lingemletea karatasi ya onyo.

Kuna kishawishi kimoja: kuja mapema na kupanga mizigo kabla ya saa yako, ili uonekane mwepesi. Usifanye. Kazi isiyoingia kwenye DIAD, kile kifaa cha mkononi cha dereva, haikulipi, ukiumia humo utaulizwa ulikuwa unafanya nini, na namba zako zitadanganya: ruti itaonekana nyepesi kuliko ilivyo, kisha utategemewa uimalize hivyo kila siku. Mapumziko ya chakula nayo yachukue na uyaingize.

Tarehe

Ukimaliza majaribio, ukongwe wako kwa kawaida unarudishwa nyuma hadi siku ya kwanza ya kipindi kilichohesabiwa. Hiyo ndiyo tarehe niliyoisema mwanzo. Inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inapanga siku utakazopanda ngazi, na inapanga nafasi yako kwenye foleni ya kila kitu kingine. Jina lako litaingia kwenye orodha ya ukongwe inayobandikwa jengoni. Nenda ukaisome. Piga picha. Tarehe ikiwa imekosewa, sema wiki hiyohiyo, maana kosa la siku mbili linaweza kumweka mtu mwingine mbele yako kwa miaka ishirini na mitano. Mkiwa mmeanza siku moja watu wanne, kila eneo lina kanuni yake ya nani atangulie, iulize, usiikisie.

Aliyewahi kufanya kazi ya muda mfupi ndani ya ghala anakuwa na tarehe mbili. Ile ya kuingia kampuni mara nyingi ndiyo inayohesabu wiki zake za likizo. Ile ya kuwa wa muda kamili ndiyo inayompanga kati ya madereva, na ngazi ya mshahara wa udereva haianzi kuhesabiwa kabla hajaingia kwenye udereva. Watu hugombana nami hapa. "Kaka, nina miaka sita UPS!" Naam, unayo, na kwenye orodha ya madereva uko chini ya kijana aliyetoka mtaani mwezi mmoja kabla yako. Kazi ya msimu, ile ya kuajiriwa Novemba na kuagwa Januari, kwa kawaida haikuwekei ukongwe wowote.

Je, uingie kwa mlango wa ghala au utokee mtaani moja kwa moja? Sehemu nyingi mkataba unagawa nafasi: kila nafasi sita za udereva zinazokwenda kwa watu wa ndani, moja inaweza kwenda kwa mtu wa nje. Kwa hiyo ghala ndiyo njia ya wengi, na mshahara wake wa kuanzia chini ya mkataba huu ni dola 21, kwa shifti fupi. Lina faida nyingine isiyotajwa sana: mtu wa ndani akishindwa majaribio ya udereva, kwa kawaida anarudi kwenye kazi yake ya ghala. Wa mtaani akishindwa anakwenda nyumbani. Kwa mwenye watoto na mke ambaye karatasi zake bado hazijakamilika, mimi husema pitia ghala. Kwa kijana asiye na mzigo, nafasi ya mtaani ikitokea aichukue leo, kwa sababu kila mwezi anaosubiri kuna mtu anayeingia mbele yake.

Ukongwe unanunua nini

Mwanzoni haununui kitu, na heri ulijue hilo mapema. Utakuwa dereva wa kuziba nafasi: leo ruti ya fulani aliye likizo, kesho ya fulani anayeumwa, keshokutwa mtaa usioujua wenye ghorofa zisizo na lifti. Huenda wiki yako ikawa Jumanne hadi Jumamosi, kwa kuwa Jumatatu hadi Ijumaa imeshikwa na waliokutangulia. Karatasi ya likizo huzungushwa kuanzia juu ya orodha. Ikikufikia, Juni na Julai zimekwenda, zimebaki wiki za baridi. Mwenye harusi ya ndugu Desemba asiniulize mimi.

Halafu pole pole mambo yanafunguka. Mtu anastaafu, ruti yake inatangazwa, madereva wanaiomba, na mwenye tarehe ya zamani anaipata. Usiombe ruti kwa kuwa ni fupi. Angalia kama ina biashara nyingi za kufikiwa asubuhi, kama maegesho yapo, kama mizigo yake mikubwa inapungua au inaongezeka. Muulize aliyekuwa akiifanya kwa nini anaiacha. Akisita kujibu, hilo nalo ni jibu.

Kuna pia orodha ya saa tisa na nusu, iliyoko Kifungu cha 37. Dereva anayejiandikisha humo anasema hataki kupita saa 9.5 kwa siku, na kampuni ikimpitisha mara tatu katika wiki moja anaweza kudai malipo ya mara tatu kwa zile saa zilizozidi. Wapya wengi hawajiandikishi kwa sababu wanataka ovataimu. Sawa, lakini ujue ipo kabla mgongo haujakuuma.

Ukongwe hufanya kazi yake kubwa zaidi wakati wa ukame. Januari na Februari mizigo ikipungua, wanaosimamishwa huanzia chini ya orodha. Sehemu nyingi unaweza kuingia kufanya kazi ndani ya jengo wakati huo. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kupunguza nafasi 20,000 na kufunga majengo 73, huku ikipunguza mizigo ya Amazon kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo swali la nani yuko chini ya orodha si la nadharia. Ukisimamishwa, usikasirike ukasaini karatasi ya kuacha kazi. Aliyesimamishwa bado ana tarehe yake kwa muda unaotajwa kwenye kiambatisho. Aliyeacha hana kitu. Akirudi ni mgeni, dola 23, chini kabisa.

Hapa niseme na watu wangu waziwazi. Sisi tunapenda kuhama. Mjomba akipiga simu kutoka Texas kwamba nyumba ni rahisi, wiki ijayo tumefunga virago. UPS iko Texas pia, ndiyo, lakini ukongwe wa kuomba ruti kwa kawaida haupandi basi pamoja nawe. Dereva wa mwaka wa tatu anayehama bila kuuliza anaweza kujikuta anapigwa picha ya kitambulisho kipya kama mgeni. Kabla ya kukubali hata kwa mdomo, pata jibu la maandishi kutoka chama cha hapa na cha kule: tarehe gani itabaki, na kwa jambo gani. Vivyo hivyo ukishawishiwa kuwa msimamizi. Ofisini ni nje ya mkataba.

Ukiona slipu haijapanda

Siku ya kutimiza mwaka iandike kwenye kalenda ya simu. Slipu ya wiki inayofuata ifungue, usitazame jumla, tazama kiwango cha saa. Kama bado kinasomeka 23, mwambie msimamizi wako siku hiyo, kwa maandishi, ujumbe mfupi unatosha: tarehe yangu ni hii, kiwango changu kinatakiwa kuwa hiki. Mara nyingi inarekebishwa kwenye hundi inayofuata na mambo yanaisha. Isiporekebishwa, njoo kwa mwakilishi na slipu mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na picha ya ile orodha ya ukongwe. Kifungu cha 17 kinahusu kulipwa muda wako wote, na kina faini kwa malipo yanayocheleweshwa baada ya kuthibitishwa. Malalamiko rasmi yana ukomo wa siku, na siku zenyewe ni chache. Anayekuja miezi mitano baadaye na bahasha ya slipu ananipa kazi ngumu sana.

Ukiitwa ofisini kwa maswali ambayo unahisi yanaweza kukuletea adhabu, omba mwakilishi kabla ya kujibu. Haki hiyo ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1975. Lakini lazima uiombe mwenyewe. Ukinyamaza kwa heshima, wanaendelea.

Anayeendesha kwa wakandarasi wanaobeba mizigo ya Amazon au ya FedEx Ground anafanya kazi inayofanana na yetu kwa macho, lakini mwajiri wake ni yule mkandarasi mdogo, na kwa kawaida hakuna ngazi kama hii wala orodha ukutani. Huko muulize mwajiri mambo matatu kabla ya kuvaa fulana: nyongeza hutolewa lini, nani anaamua ruti, na mkandarasi akipoteza kazi yake wewe unakwenda wapi.

Waliokutangulia, na mwaka 2028

Utawasikia madereva wakitaja "ishirini na mbili nukta nne" kwa uchungu. Lilikuwa daraja la madereva wa mshahara wa chini lililoingizwa na mkataba wa 2018. Wengi waliopiga kura waliukataa mkataba ule, lakini waliojitokeza walikuwa wachache mno na kanuni za chama za wakati huo zikaupitisha hivyohivyo. Kanuni hiyo ilifutwa 2021, na daraja lenyewe likaondolewa na mkataba wa 2023, ambao wanachama waliupitisha kwa asilimia 86.3. Ngazi ya mshahara huandikwa na kufutwa na watu.

Anayeanza mwaka 2026 atapata hatua za mwanzo chini ya mkataba huu, na zilizobaki, pamoja na ule mruko mkubwa wa mwaka wa nne, zitaangukia chini ya mkataba ambao haujaandikwa. Kabla ya majadiliano, chama hukusanya mapendekezo ya wanachama. Fomu ikikufikia ijaze, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga, na uandike jambo moja mahususi: kwamba hatua ya miezi 12 na ya miezi 24 ziwe zaidi ya dola moja moja. Ukishindwa kuiandika, nitafute jengoni kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo niko barabarani.